Yasiyoonekana kwenye Mizani: Mwaka wa Kwanza wa Mtoto Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, kama ilivyo kwingineko Tanzania, habari za mtoto katika mwaka wake wa kwanza huandikwa kwenye kadi ya kliniki, ambayo hubeba tarehe za chanjo pamoja na grafu ya uzito kwa umri, na ambayo husomwa na muuguzi kila mama anapofika zahanati au anapofikiwa na huduma ya mkoba, yaani watumishi wa afya wanaovifuata vijiji vya mbali na kutundika mizani yao popote panapopatikana boriti au tawi imara. Kinachopimwa hapo ni ukuaji, maana yake ongezeko la mwili kwa kilo na sentimita. Mtoto, hata hivyo, ana jambo jingine linaloendelea ndani yake ambalo mizani haina namna ya kulionyesha, nalo ni maendeleo, yaani uwezo mpya anaoupata wa kukaza shingo, kushika, kukaa, kutambua nyuso, kuelewa maneno na hatimaye kusimama dede na kutembea. Mambo haya mawili huenda pamoja mara nyingi, lakini si lazima yaende pamoja, kwa kuwa mtoto mnene anaweza kuchelewa kukaa, na mtoto mwembamba anaweza kuwa mchangamfu kuliko wenzake wote.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa kiume aliyezaliwa kwa wakati huwa na uzito wa kati wa kilo 3.3 na wa kike kilo 3.2, na anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Siku chache za mwanzo mtoto hupungua, wakati mwingine hadi sehemu ya kumi ya uzito wake, kwa sababu hutoa maji na kinyesi cheusi cha kwanza kabla maziwa ya mama hayajaanza kutoka kwa wingi, kisha huurudisha uzito huo ndani ya wiki mbili hivi. Upungufu huo ni wa kawaida, na ni makosa kuuchukulia kuwa ushahidi kwamba maziwa ya mama hayatoshi, kisha kuanza kumnywesha maji au uji mwepesi, jambo ambalo bibi wengi hulishauri kwa nia njema kabisa. Uzito wa kuzaliwa hufikia mara mbili karibu na mwezi wa tano na mara tatu karibu na mwaka, huku urefu ukiongezeka kutoka sentimita 50 hivi hadi kama 75. Linalowasumbua wazazi wengi ni kwamba kasi hiyo haiko sawa mwaka mzima: katika miezi mitatu ya kwanza mtoto huongezeka karibu kilo moja kila mwezi, ilhali katika miezi sita ya mwisho huongezeka chini ya gramu 300 kwa mwezi, na mstari wa grafu hulala kidogo bila kuwepo ugonjwa wowote. Muuguzi mzoefu hatishwi na nukta moja iliyo chini, bali hutazama mwelekeo wa mstari, na mstari uliolala kabisa au uliogeuka kushuka kwa miezi miwili mfululizo humwambia mengi zaidi kuliko mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na ule uliochapwa kwenye kadi.

Maendeleo ya uwezo yana utaratibu wake, ambao wataalamu huueleza kuwa hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni na hutoka katikati ya mwili kwenda kwenye ncha za vidole. Mtoto mchanga huzaliwa na miitikio ya asili, yaani mienendo ambayo mwili huifanya wenyewe bila kuamua, kama vile kunyonya kinachogusa midomo, kufumba kiganja juu ya kidole kilichowekwa ndani yake, na kutupa mikono kando anaposhtuka. Miitikio hii haidumu, na kutoweka kwake ni habari njema, kwa kuwa ule wa kushtuka ukiendelea kuonekana waziwazi baada ya mwezi wa sita unaweza kuashiria kwamba ubongo haujakua inavyopasa. Macho yake mwanzoni huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, umbali ambao kwa hakika ndio uliopo kati ya uso wa mama na uso wa mtoto anyonyaye, na kufikia wiki ya sita hivi huanza kulijibu tabasamu kwa tabasamu. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne shingo hukaza, mikono hukutana mbele ya kifua na kila kitu huelekezwa mdomoni, na katika miezi inayofuata mtoto hugeuka, hukaa kwa kuegemezwa, kisha hukaa mwenyewe. Mshiko nao hubadilika, kwani mtoto wa miezi sita huchota kitu kwa kiganja kizima, ilhali wa miezi tisa au kumi anaanza kuokota punje ya mahindi kwa kidole gumba na cha shahada, ustadi ambao humfurahisha mtafiti na humtia hofu mlezi, kwa sababu punje hiyo huishia mdomoni au puani.

Swali ambalo wazazi huuliza kuliko yote ni mtoto anatakiwa awe amefanya nini kufikia mwezi gani, na jibu lililo bora zaidi lilitolewa mwaka 2006, WHO ilipochapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wenye afya katika miji ya nchi tano: Ghana, India, Norwe, Marekani na Oman. Badala ya kutaja mwezi mmoja kwa kila hatua, watafiti walitoa dirisha la muda ambamo karibu watoto wote wazima huifikia. Kukaa bila kuegemezwa kulionekana kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama kwa kushikilia kati ya 4.8 na 11.4, kutambaa kwa mikono na magoti kati ya 5.2 na 13.5, kusimama dede kati ya 6.9 na 16.9, na kutembea mwenyewe kati ya 8.2 na 17.6. Upana wa madirisha hayo unastahili kutazamwa mara mbili, kwa kuwa unaonyesha kwamba mtoto anayetembea kabla ya miezi tisa na yule anayetembea baada ya mwaka na miezi mitano wote wanaweza kuwa wazima kabisa, na kwamba mashindano ya kinamama kwenye benchi la kliniki hayana msingi wa kisayansi. Asilimia 4 hivi ya watoto hao hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo. Mtoto asiyetambaa anaweza kusota kwa makalio au kuvuka moja kwa moja kwenda kusimama, na bado akatembea.

Afrika Mashariki imechangia katika elimu hii kuliko watu wengi wanavyofahamu, na baadhi ya kazi muhimu zilifanyika ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nchini Kenya, miongoni mwa majirani wa Wakurya, wenyeji wa Tarime. Mtafiti Marcelle Geber aliripoti kutoka Uganda katika miaka ya 1950 kwamba watoto wa huko waliwatangulia wale wa Ulaya katika kukaza shingo na kukaa, na kwa muda mrefu jambo hilo lilielezwa kana kwamba ni tabia ya damu. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super, aliyekuwa akiishi katika kijiji cha Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya, alitoa maelezo yanayoridhisha zaidi. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika kugeuka wala katika kutambaa, na sababu aliyoiona ilikuwa mafunzo ya makusudi: kinamama waliwakalisha watoto katika kishimo kifupi kilichotandikwa nguo ili wajizoeze, wakawashika kwapani na kuwarusharusha miguu ikigusa mapaja, ilhali hawakuona haja ya kuwalaza kifudifudi chini. Kwa maneno mengine, mtoto hutangulia katika jambo ambalo kaya yake inalithamini na kumpa nafasi ya kulifanya.

Maelezo hayo yanaweza kusomwa bila shida katika nyua za Tarime na Serengeti. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa mbeleko, huku mama akilima, akiteka maji au akipanda njia za milima ya Nyamwaga, hulazimika kusawazisha kichwa na kiwiliwili chake kwa saa nyingi kila siku, na hilo ni zoezi la shingo na mgongo ambalo hakuna kifaa cha dukani kinacholishinda. Kwa upande mwingine, uwanja wenye moto wa mafiga, kuku, mbuzi na kinyesi cha ng'ombe haumpi mlezi hamu ya kumwacha mtoto atambae, na kwa hiyo kuchelewa kutambaa katika mazingira hayo ni matokeo ya busara zaidi kuliko ya udhaifu. Inatosha kutandika mkeka au turubai mahali palipofagiliwa na kumlaza mtoto kifudifudi kwa dakika chache, akiwa macho na akitazamwa, ili mikono na mabega vipate kazi. Kinachofaa kuhojiwa ni yale magari ya kutembelea yenye magurudumu yanayouzwa sasa katika maduka ya mjini, ambayo hayaharakishi kutembea, na ambayo yamewaangusha watoto wengi ngazini na motoni kiasi kwamba Kanada iliyapiga marufuku mwaka 2004.

Upande wa lugha na uhusiano na watu ni mgumu zaidi kuupima, na hapa ndipo mazoea ya ukanda huu yanahitaji kutazamwa kwa makini. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake waliwachunguza Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikurya, katika miaka ya 1970, na katika kitabu chao cha mwaka 1994 walieleza kwamba akina mama wa Kigusii walikuwa wepesi mno kumbeba, kumnyonyesha na kumtuliza mtoto anayelia, lakini hawakuzungumza naye sana wala kumtazama usoni kwa muda mrefu kama walivyofanya wenzao wa Boston. Lengo lao lilikuwa mtoto aendelee kuishi katika mazingira yenye magonjwa mengi, na utulivu wake ulikuwa dalili ya afya. Itakuwa si haki kuwalaumu kwa hilo, kwani mtoto wa kaya hizo hakuwa mpweke: alizungukwa na kaka, dada na shangazi, na mengi ambayo mama hakuyasema yalisemwa na mlezi wa miaka minane. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth naye, aliyewatembelea Waganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, alionyesha kwamba mtoto mwenye walezi wengi bado humchagua mtu mmoja au wachache wa kuwakimbilia anapoogopa, na kwamba kuogopa wageni kunakoanza karibu na mwezi wa nane si utundu, bali ni uthibitisho kwamba sasa anatofautisha wake na wasio wake.

Hata hivyo, sayansi ya miongo ya karibuni haiachi shaka kwamba sauti inayomwelekea mtoto mwenyewe, ikimsubiri ajibu kwa mguno au tabasamu, huujenga ubongo wake. Mtoto huanza kutoa irabu ndefu akiwa na miezi miwili au mitatu, huunganisha silabi kama vile ba-ba-ba kati ya mwezi wa sita na wa kumi, huitika jina lake karibu na mwezi wa tisa, na huonyesha kitu kwa kidole karibu na mwaka, wakati neno la kwanza lenye maana nalo linapoanza kusikika. Katika Tarime mtoto huyo huyo anaweza kusikia Kikurya kwa bibi, Kijaluo sokoni na Kiswahili redioni, na huko Serengeti anaweza kusikia Kingoreme, Kiikoma au Kinata. Wingi huo wa lugha hauchelewishi kusema, ijapokuwa baadhi ya wazazi waliosoma huizuia lugha ya nyumbani kwa kudhani kwamba wanamrahisishia mtoto.

Mwezi wa sita ni njia panda, na ndiko mambo mengi yanakoharibika. Hadi hapo maziwa ya mama peke yake hutosha, lakini baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua, na uji mwepesi wa muhogo, hata ukimshibisha, haumrudishii chuma hicho. Eneo hili halina sababu ya kushindwa, kwa kuwa lina ulezi, ndizi, maharage, mayai, dagaa wa Ziwa Victoria na nyama ya mifugo. Kinachohitajika ni kuupika uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko, kusaga dagaa waliooshwa vizuri na kuwachanganya humo, na kumlisha mtoto mara mbili au tatu kwa siku huku akiendelea kunyonya. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ni fahari ya wafugaji wa Kikurya, hayafai kuwa kinywaji kikuu kabla ya mwaka kutimia, kwa sababu yana chuma kidogo sana na yanaweza kuidhuru njia ya chakula ya mtoto mdogo. Udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri unaotokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, uliwapata watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya udumavu huo huanzia katika miezi hii ya kuanzishiwa chakula.

Miezi hiyo ndiyo pia ya meno na ya kuharisha, na kukutana kwa mambo haya mawili kumezaa imani yenye madhara makubwa. Mtoto anapoanza kuweka kila kitu mdomoni na kula chakula kilichoshikwa na mikono mingi, huharisha. Wakati huohuo chonge ambazo hazijatoka huonekana kama uvimbe mweupe ndani ya ufizi, na katika sehemu nyingi za Tanzania uvimbe huo huitwa meno ya plastiki au ya nailoni na kushutumiwa kuwa ndio unaoleta homa na kuhara. Fundi huung'oa kwa kifaa kisichochemshwa, na mtoto aliyekuwa akihitaji tu maji yenye chumvi na sukari maalumu pamoja na vidonge vya zinki hupata kidonda, maambukizi ya damu na pengo la kudumu. Meno hayo si kitu kingine ila meno ya mtoto mwenyewe.

Jambo jingine la nusu ya pili ya mwaka, ambalo linaihusu Kanda ya Ziwa kuliko kanda nyingi, ni ugonjwa wa selimundu. Uchunguzi wa sampuli zaidi ya 17,000 za damu za watoto wachanga wa kanda hiyo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 anao ugonjwa wenyewe. Mtoto huyo huonekana mzima kwa miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana damu ya aina aliyokuwa nayo tumboni, na inapokwisha ndipo viganja na nyayo zinapovimba kwa maumivu, macho yanapogeuka manjano, na mtoto aliyekuwa amekwisha kusimama anapokataa kuweka mguu chini. Mzazi anayeona dalili hizo asizichukulie kuwa ni kudeka.

Kwa ujumla, kuchelewa peke yake kuna maelezo mengi, yakiwemo ya kuzaliwa njiti, ambapo miezi huhesabiwa tangu tarehe ambayo mtoto angepaswa kuzaliwa, si aliyozaliwa. Kupoteza uwezo uliokwisha kupatikana hakuna maelezo mepesi hata moja. Tarime inalijua hilo kwa historia yake yenyewe, kwani mwaka 1985, wakati wilaya hiyo bado ilijumuisha Rorya ya leo, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo mchungu ambao haukuvundikwa na kukaushwa vya kutosha, na ukazuka ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla na kwa kudumu, ukiwashambulia zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya pamoja na wanawake. Mtoto wa mwaka wa kwanza anapaswa kupelekwa kwa tabibu bila kungoja siku ya kliniki iwapo hafuati sura kwa macho au hashtuki kwa kelele akiwa na miezi mitatu, iwapo shingo yake bado inaanguka baada ya miezi mitano, iwapo hakai baada ya miezi tisa, iwapo anatumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine umefumbwa, au iwapo ameacha kufanya alichokuwa akikifanya juzi.

Serikali ililitambua pengo la mizani ilipozindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na uchangamshi tangu utotoni. Mkoani Mara kwenyewe, utafiti uliofanyika katika vijiji 80 ulilinganisha vikundi vya mafunzo ya lishe na malezi vya kina mama peke yao na vile vilivyowahusisha akina baba, jambo lenye uzito katika jamii ambayo mume ndiye anayeamua kama kuku atauzwa au ataliwa na mtoto. Mwaliko huo wa akina baba unahitaji, kwa Wakurya, kutafsiriwa kwa upana kidogo: katika kaya ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili apate uzao wa nyumba yake, mwenye kauli juu ya mtoto anaweza kuwa mama mzee, na ndiye anayepaswa kukaribishwa kwenye kikao.

Ratiba ya chanjo yenyewe ina udhaifu mmoja ambao maofisa wa afya wanaujua vyema. Sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humleta mtoto kliniki kwa mkupuo, ile ya surua na rubela humrudisha akiwa na miezi tisa, na inayofuata ni ya miezi 18. Katikati hapo kinachobaki zaidi ni mizani, na kwa mama anayetembea mwendo mrefu kutoka kijiji cha pembeni mwa Mugumu, wilayani Serengeti, au ambaye mvua za masika zimemkuta na shamba lisilopaliliwa, mizani peke yake si sababu ya kupoteza siku nzima. Kwa hiyo mahudhurio hupungua baada ya chanjo ya surua, na miezi tisa inayofuata, ambamo mtoto husimama dede, hutembea, huonyesha kwa kidole na kutamka neno lake la kwanza hupita bila mtu mwenye mafunzo kumtazama, isipokuwa pale ambapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anabisha hodi mwenyewe.